Shule Zimefungwa: Tuwapeleke Wapi Watoto?

Kila shule zinapokaribia kufungwa, swali hili husikika katika nyumba zetu nyingi. Walio wengi huwapeleka watoto kijijini kwa babu na bibi, na hilo ni jambo jema, kwani kuunga udugu ni wajibu. Wengine huwaacha mjini, wakashinda na simu mikononi tangu asubuhi hata jua likachwa. Wachache waliojaaliwa uwezo huwavusha bahari wakaone majengo marefu ya ng'ambo, wakarudi na mifuko ya nguo. Lakini ni wangapi miongoni mwetu, sisi tuliozaliwa Tanzania na kulelewa humu, waliopata kukaa na jamaa zao jioni moja wakaulizana: nchi yetu hii twaijua?

Mimi nilipoulizwa sikuwa na jibu. Aliyeniuliza ni binti yangu, naye wakati ule alikuwa na umri wa miaka 11. Alikuwa amesomeshwa shuleni habari za Kilwa, akataka kujua niliiona lini. Nikamwambia sijaiona. Akasema, "Baba, na basi la kwenda huko laondoka kila siku?" Nikanyamaza.

Si kwamba hatukuwa watu wa safari. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikwisha kuichukua jamaa yangu yote kuwaonyesha nchi, na safari ile naisimulia ili mwenzangu asije akaangukia shimo nililoangukia mimi. Nilichukua karatasi nikaandika: Arusha, Ngorongoro, Moshi tuutazame Mlima Kilimanjaro, Lushoto, Tanga, kisha Unguja. Yote hayo kwa siku 8! Tulitoka nyumbani kabla ya alfajiri na kila siku tuliamka kabla ya alfajiri. Mlima ulijifunika mawingu muda wote tuliokuwa Moshi. Mtoto wetu mdogo alitapika njia nzima ya kupanda Lushoto. Mama yao alifua nguo kila usiku katika mabafu ya nyumba za wageni, na mimi nikawa kama kondakta, kazi yangu kutazama saa na kuhimiza watu. Tuliporudi Dar es Salaam nilikuwa na deni lililonichukua miezi 5 kulilipa. Nikawauliza watoto wanakumbuka nini. Mkubwa akasema anakumbuka kuamshwa.

Kosa halikuwa la mahali. Mahali pote pale ni pazuri, na wageni huvuka bahari kuja kupaona. Kosa lilikuwa langu mimi niliyedhani kwamba nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 945,000 na zaidi yaweza kuonwa yote kwa juma moja. Basi mwaka uliofuata tulikata shauri: tutachukua upande mmoja tu wa nchi, nao ni upande wa kusini, na tutakwenda polepole. Nao upande ule una mambo matatu yaliyo karibu karibu: kazi ya mikono ya wazee wetu, bahari na mikoko aliyoiumba Mwenyezi Mungu, na watu ambao salamu zao ni salamu zetu. Tena palikuwa na sababu ya nne. Mama mkwe wangu, bibi yao watoto, alizaliwa Kilwa Kivinje. Alichukuliwa na mjomba wake kuja Dar es Salaam akiwa na umri wa miaka 8, wala tangu hapo hakupata kurudi. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 50. Alipoambiwa tunakwenda Kilwa hakusema neno. Alikwenda chumbani, akarudi na kanga mbili mpya, akauliza, "Lini?"

Kabla ya kuzungumza juu ya nauli, mwenye kupanga safari ya pwani na atazame kwanza mbingu na bahari. Masika hunyesha tangu Machi hata Mei, na kusini si mahali pa kwenda na watoto katika miezi hiyo. Mwezi wa Mei mwaka 2024, mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya kusini katika wilaya ya Kilwa, na wasafiri wakakwama njiani. Likizo ya Juni ni bora. Nchi imekauka, hali ya hewa ni ya kupendeza, na usiku waweza kujifunika shuka. Lakini Juni ni wakati wa kusi, na bahari ya kusi huamka mchana. Kwa hiyo avukaye na avuke asubuhi. Likizo ya Desemba ni wakati wa kaskazi, joto ni kali, ila ndio msimu wa maembe, na korosho zingali zikivunwa.

Tena kuna jambo ambalo wengi wa mjini tumelisahau, nalo ni maji kujaa na kupwa. Mwenye kufuata miezi yetu ya Kiislamu ana kalenda ya bahari mkononi pasipo kuinunua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na chombo chaweza kukuacha mbali na nchi kavu ukatembea katika tope. Yapata tarehe 7 au 8, na tena tarehe 22 hivi, ni maji mafu, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Mimi nilipanga siku ya kuvukia Kisiwani kwa tarehe za mwezi, na nahodha alipotuona tumefika kwa wakati uliofaa aliuliza kama mimi ni mvuvi. Sijapata kusifiwa hivyo!

Katika fedha, nitasema machache. Tuliweka akiba kwa miezi 10, kidogo kidogo, na hatukukopa hata senti moja. Tukaigawa mafungu: nauli, malazi, chakula, na vibali pamoja na vyombo vya kuvukia. Fungu la tano lilikuwa la maradhi, likashonewa ndani ya mkoba wa mama yao, nalo lilirudi zima, alhamdulillahi.

Juu ya mama wa nyumba sina budi kusema zaidi, maana akina baba tu wepesi wa kusahau. Likizo ambayo mama huamka saa kumi usiku kukaanga maandazi ya njiani, akafika akapika, akalala akiwa amefua, kwake si likizo. Ni kazi ile ile iliyohamishiwa mji mwingine. Safari hii tulikubaliana mapema kwamba tutakula chakula cha mahali, na kwamba kila mtoto mwenye umri wa miaka 9 na zaidi atafua nguo zake mwenyewe. Mwanangu wa kiume alilalamika siku mbili. Siku ya tatu alimfulia na mdogo wake.

Na sala ya msafiri isiachwe mpaka mkawa barabarani mkibishana. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu wa pwani, safari ya kilomita 80 hivi na zaidi huruhusu kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, na kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Alfajiri na Magharibi hazipunguzwi. Na aliyenuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huyo amekuwa mkaazi na husali kamili. Mwenye shaka amwulize sheikh wa mtaa wake kabla ya kufunga mizigo. Kwa watoto jambo hili lilikuwa somo kubwa, kwani walikuwa wakilisoma chuoni kama maneno, na sasa wakaliona lina kazi.

Tulifanya pia jambo moja lililogharimu muda tu. Kwa jioni 3 kabla ya safari tulizima televisheni tukasimuliana. Jioni ya kwanza niliwasimulia habari za Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akitokea Mombasa. Aliusifu mji kwa uzuri wake, akamsifu mfalme wake, Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Asimulia kwamba siku moja, Sultani akitoka sala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemeni alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi katika nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa fakiri zile zake. Mwana wa Sultani akazikomboa nguo zile kwa fakiri kwa kumpa watumwa 10. Na Sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi, akamwongezea watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Watoto walicheka juu ya Sultani kuvua nguo. Kisha binti yangu akauliza, "Na wale watumwa, walikuwa wakina nani?" Nikasema tutalizungumza tukifika. Nilidhani atasahau.

Barabara ya kusini ni ndefu lakini haichoshi mwenye macho. Kilwa iko kiasi cha kilomita 300 kutoka Dar es Salaam, na katikati ya njia wavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa mita 970. Bibi aliniambia nipunguze mwendo. Yeye alivuka mto huo kwa kivuko, akiwa amelala mapajani mwa shangazi yake, na katika siku zile mvua ikinyesha kusini yote hukatika kama kisiwa. Mto huo unapofika baharini hutawanyika kuwa mikono mingi, na huko ndiko uliko msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki. Huioni kutoka darajani, lakini utakumbana na boriti zake katika kila nyumba ya kale utakayoingia. Magharibi mwa njia iko Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, yenye ndovu na viboko na eneo la kilomita za mraba 30,000 hivi. Watoto waliililia. Niliwajibu kwamba hifadhi haihami, na kwamba mwaka jana tuliona kila kitu tusione chochote. Waliokuwa na kumbukumbu ya Lushoto walinyamaza.

Kutoka njia panda ya Nangurukuru wateremka hadi Kilwa Masoko, mji wa serikali na wa gati, na hapo ndipo hukatwa kibali cha kuvukia Kisiwani. Ni mwendo mfupi tu wa maji, kilomita mbili hivi. Tulivuka asubuhi, mashua ikiwa na tanga moja na injini ndogo ya tahadhari, na mzee mmoja mwenyeji wa kisiwa ambaye kazi yake ni kuwaongoza wageni akatupokea pwani. Watoto walimwamkia, naye akawaitikia mmoja mmoja kabla hajataka kuona karatasi yetu.

Kitu cha kwanza uonacho ni Gereza, ngome iliyo kando ya maji. Wareno waliuvamia mji huu mwezi wa Julai mwaka 1505 chini ya Francisco de Almeida, wakaupora, wakajenga ngome yao, na mwaka 1512 wakaondoka. Kuta unazoziona sasa kwa sehemu kubwa ni za wakati wa Waomani waliokuja baadaye. Bahari imekula upande mmoja wa jengo. Hatukukaa hapo sana, kwa kuwa mzee wetu alikuwa akitutazama kama mtu aliye na kitu bora cha kutuonyesha.

Kitu hicho ni Msikiti Mkuu. Ndugu msomaji, mimi nimesali katika misikiti mikubwa yenye zulia na feni, lakini sijapata kusimama mahali kama pale. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani, na asili yake ni karne ya 11. Ni ndogo, na mihrabu yake ingali imesimama, imeelekea kaskazini kama inavyoelekea mihrabu ya mtaani kwetu. Kisha mji ulipotajirika kwa dhahabu iliyotoka Sofala, watu wakazidi na msikiti ukawa hauwatoshi, wakaupanua kwa upande wa kusini kwa makuba na matao. Paa likaanguka, na katika karne ya 15 wakalijenga upya. Twaambiwa kwamba hapakuwa na msikiti mkubwa kuliko huo katika pwani yote hii kwa muda wa karne nyingi. Watoto waliusoma kwa miguu. Walitoka nguzo hata nguzo, wakihesabu safu ngapi za watu zaweza kusimama.

Binti yangu hakuingia nasi. Nilipogeuka nilimwona amesimama kizingitini, viatu mkononi. Ardhi ni ya majani na mawe, nami nilitaka kumwambia avae asije akajichoma. Mzee akaniashiria kwa mkono nimwache.

Nje ya msikiti kuna mahali pa kutawadhia: kisima, birika, na mawe yaliyowekwa kwa kusugulia miguu. Mawe hayo yamelika. Mwanangu mdogo aliweka mguu wake juu ya jiwe moja, akausugua, akasema ni kama lile la nyumbani bafuni kwa bibi. Maprofesa wameandika vitabu vingi juu ya Kilwa, na mmoja wao, Mwingereza Neville Chittick, alichimba hapa miaka mingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini sidhani kama kuna ukurasa uliomfikisha mtoto yule mahali alipofika kwa wayo wake.

Mzee alituonyesha jinsi zilivyojengwa kuta. Mawe ni matumbawe ya baharini. Chokaa ni matumbawe yale yale yaliyochomwa kwa kuni. Dari ilishikwa na boriti za mikoko, na kwa sababu hiyo vyumba vya nyumba za kale karibu vyote ni vyembamba, maana upana wa chumba huamriwa na urefu wa boriti. Hapo mwanangu mkubwa akakumbuka Rufiji. Basi nikaona faida ya kushika upande mmoja wa nchi: vitu huitana. Mto, mkoko, jiwe na msikiti havikuwa tena mambo manne yaliyoandikwa katika karatasi ya baba.

Husuni Kubwa iko mwendo wa miguu kuelekea mashariki, juu ya genge litazamalo bahari. Hilo lilikuwa jumba la Sultani Hasan yule yule wa fakiri, na lilipochimbuliwa yalionekana maandishi ya Kiarabu yenye jina lake. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua za kupokelea wafanyabiashara, na birika la kuogea lenye pembe nane. Tulikaa ukingoni mwa birika tukala mihogo ya kuchemsha na samaki tuliyonunua kwa mama mmoja wa kisiwani. Wafalme wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, na ajabu ni kwamba mwaka 1944 sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Zilifikaje huko, kila mtoto alikuwa na hadithi yake. Mmoja alitaka kuokota kigae cha chungu kama ukumbusho. Mzee akamkataza kwa upole, akamwambia kila mgeni akichukua kimoja, wajukuu zake yeye watabaki na nini cha kuonyesha? Magofu haya pamoja na yale ya Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yale yaliyo hatarini, kwa kuliwa na bahari na kukosa matengenezo. Mwaka 2014, baada ya kazi nyingi, yaliondolewa katika orodha hiyo.

Siku ya pili tulikwenda Kivinje.

Kivinje ni mji wa bara, kaskazini ya Masoko, wenye nyumba za kale zinazobomoka na milango ambayo nakshi zake zingali zaonekana. Tuliegesha gari kando ya soko la samaki. Bibi alishuka amevaa kanga yake mpya, akasimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaenda moja kwa moja katika njia nyembamba kana kwamba ametoka jana. Tulimfuata. Alisimama penye kiwanja kitupu chenye mpapai na kisima. Kisima kilikuwapo, nyumba haikuwapo.

Barazani mwa nyumba ya jirani walikuwa wameketi mabibi wawili wakisuka ukili. Wakamwitikia salamu, kisha mmoja akauliza, kama waulizavyo watu wa pwani, "Wewe wa nyumba gani?" Bibi akataja jina la baba yake. Hawakulijua. Akataja jina la bibi yake mzaa mama. Yule mkubwa akaweka ukili chini, akainuka kwa shida, akamshika mikono, na kwa muda hapakuwa na aliyesema kitu. Walikuwa watoto wa ndugu wawili.

Mchana ule tulikula kwa watu ambao asubuhi hatukuwajua. Tulikirimiwa wali, pweza wa nazi, na ming'oko ya kuchemsha ambayo watoto wangu hawakupata kuiona maishani mwao. Na katika mazungumzo ya baada ya chakula, yule bibi wa Kivinje alitaja, kama jambo lijulikanalo, kwamba mama wa bibi yao alikuja kwa miguu kutoka bara ya mbali, upande wa Ziwa Nyasa, akiwa msichana mdogo. "Hakuja," akasema mama mkwe wangu taratibu. "Aliletwa." Mke wangu alimgeukia mama yake. Hakuwa amepata kulisikia neno hilo.

Mambo yenyewe ni haya, na kila mzazi aendaye Kilwa na awe tayari kuyasema. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Katika karne iliyofuata, Kivinje ikawa bandari kubwa ya biashara hiyo, na misafara kutoka Nyasa iliishia hapa, kisha watu wakapakiwa vyomboni kwenda Unguja na kwingineko. Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mwaka 1873 kuipiga marufuku biashara hiyo ya baharini, lakini hata baada ya hapo haikukoma mara moja.

Binti yangu hakuwa amesahau. Jioni ile, tumeketi nje ya nyumba ya wageni, aliuliza swali nililokuwa nikilikimbia tangu jioni ya Ibn Battuta: waliomuuza msichana yule, walikuwa Waislamu? Nilifungua kinywa nikaanza habari za Wafaransa na Wareno. Bibi akanikata. "Wengine ndio," akasema. "Na aliyemwacha huru akamwoa alikuwa Mwislamu vilevile. Na yeye mwenyewe alikufa Mwislamu, na mimi ni wake." Kisha akamtaka mjukuu wake amletee maji. Hakuna aliyeongeza neno, nami hata leo sina la kuongeza. Najua tu kwamba ningalimpeleka mtoto kuona makuba ya Kisiwani na kupita Kivinje bila kushuka, ningalimdanganya.

Kesho yake, kabla ya kuondoka, tulisimama penye mnara wa ukumbusho wa walionyongwa na Wajerumani katika Vita vya Maji Maji. Vita hivyo vilianza Julai mwaka 1905 katika milima ya Matumbi, nyuma tu ya Kilwa, watu walipochoka kulimishwa pamba kwa nguvu. Na kabla ya kwisha kwake mwaka 1907 vilikuwa vimeenea kusini yote. Waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa moto, huhesabiwa kwa makumi ya maelfu. Tulisoma Fatiha.

Safari iliyobaki nitaipitia haraka. Lindi ina ghuba nzuri ya kuoga watoto, na hapo ndipo pa kusimulia habari za Tendaguru, mahali pa bara ambapo kati ya mwaka 1909 na 1913 yalichimbuliwa mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, ikabebwa vichwani na wapagazi kwa siku kadhaa hadi pwani. Mmoja wao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, urefu wake mita 13 na zaidi. Aliyekuwa mkuu wa mafundi wa uchimbaji ule ni mtu wetu, Boheti bin Amrani, na jina lake lastahili kujulikana na watoto kuliko linavyojulikana. Sishauri kwenda Tendaguru kwenyewe na watoto wadogo: njia ni mbaya, na mifupa haipo, iko Ulaya. Mikindani ina mibuyu, nyumba za mawe, na boma la Wajerumani la mwaka 1895. Mtwara tulinunua korosho, tukatazama mafundi wa Kimakonde wakichonga mpingo, na siku nzima tukashinda pwani ya Msimbati bila kufanya kitu chochote. Siku hiyo sikuitazama saa.

Songo Mnara hatukufika. Tulikuwa tumeiwekea siku yake wakati wa kurudi, lakini asubuhi ile kusi lilikuwa limeamka mapema, na nahodha alitazama bahari kwa muda, akatazama watoto, akasema hapakii. Nilitaka kumbembeleza kwa fedha. Mke wangu akanivuta kanzu. Tulikunywa chai pale gatini, na fedha za chombo tukazirudisha katika fungu lake, ambalo lingali lipo na limeongezeka.

Tunataraji kwenda tena Juni ijayo, inshallah. Ramani amechora binti yangu, na tarehe amezipanga kwa mwezi. Bibi yao amekwisha kutuarifu kwamba yeye atashuka Kivinje, na sisi tukitaka kuendelea na magofu yetu tuendelee, tutamkuta barazani.